Mbavu Tatu za Mama Phelesia

Mama Phelesia aliingia Hospitali ya Kowidi na jipu mkononi, akajikuta wodini na mbavu tatu zilizovunjika. Jipu alikuja nalo kutoka kisiwani Mfangano. Mbavu zilivunjwa hapo hospitalini, siku ya Jumanne, baada ya saa nne asubuhi, ndani ya chumba cha dharura, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Mtu mmoja tu alionekana akitoka mle ndani. Huyo alikuwa Sista Dolphine.

Hayo ndiyo yaliyokuwa katika faili aliyopewa Inspekta Machuki huko Homa Bay, Alhamisi asubuhi, mwezi wa Agosti, 1967. Nyuma ya faili kulikuwa na hati ya mashtaka, imekwisha kupigwa taipu, inangoja sahihi tu. Mkubwa wake alimwambia aende Kowidi, aangalie, arudi kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa. Akitia sahihi, Dolphine angesimama kortini Jumatatu kwa kosa la kumpiga mgonjwa, na kazi yake ingekwisha hata kabla hakimu hajafungua mdomo.

Machuki alikuwa Mkisii wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye daftari dogo na saa kubwa ya mkono. Alikuwa na mtindo wake. Aliuliza swali, akaandika jibu, kisha akalisoma kwa sauti mbele ya yule aliyelitoa. Watu wengi walibadilisha maneno wakati huo. Aliwaacha wabadilishe, akaandika yote mawili.

Land Rover iliwafikisha Kowidi saa tatu, yeye na Konstebo Caleb, dereva wake. Mlalamikaji alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha dharura. Jina lake Nicanor, mtoto wa kwanza wa Mama Phelesia, mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa amekaa hapo tangu Jumanne, na alisema hangeondoka mpaka amwone mtu amefungwa pingu.

Alieleza bila kuulizwa mara mbili. Walivuka ziwa Jumatatu. Usiku mama alilala wodini, akagombana na Dolphine kwa sababu ya ugoro. Asubuhi akaitwa chumba cha dharura apigwe sindano kisha jipu lipasuliwe. Nicanor akabaki kwenye benchi. Muda si muda akasikia sista akipiga kelele ya kuita mtu, halafu mlango ukafungwa. Alipogonga hakujibiwa. Akaweka sikio.

"Alikuwa anampiga huku akihesabu, Afande," Nicanor alisema. "Kama mtu anayechapwa viboko jela. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ananyamaza. Halafu anaanza tena moja."

"Vishindo vingapi?"

"Fungu mia na nane."

Machuki aliinua kalamu.

"Mimi nauza samaki," Nicanor alisema. "Watano ni fungu moja. Nahesabu hata nikiwa nalia. Fungu mia na nane."

"Alipokuwa akinyamaza, vishindo navyo vilinyamaza?"

Nicanor alifikiri. Alipiga goti lake kwa kiganja, taratibu, akitafuta mwendo ule. "Hapana. Sauti ilinyamaza, kishindo kiliendelea. Pu, pu, pu. Hakikusimama hata mara moja."

"Na kabla ya vishindo? Mlango ulipofungwa tu?"

Hapo Nicanor alisema kwamba mwanzo hapakuwa na kishindo. Palikuwa na mlio wa chuma, nyii, nyii, kama kitanda kibovu. Ule mlio ulianza hata kabla mlango haujafungwa. Halafu ukakoma, pakawa na kimya kifupi, kisha vishindo vikaanza.

Machuki alimsomea yote. Nicanor hakubadilisha neno. Akatoa kikapu chini ya benchi, akatoa nguo ya mama yake aliyoivaa siku ile, akaikunjua. Mgongo wote wa nguo ulikuwa na rangi nyekundu iliyofifia. Alisema hiyo ndiyo alama ya kutupwa chini. Hata mbwa hatupwi hivyo. Kwao, mtu analazwa sakafuni akiwa amekwisha kufa.

Machuki alinusa ile nguo. Haikuwa damu. Ilikuwa nta nyekundu ya kusugulia sakafu.

"Una mtu mwingine wa kwenu hapa hospitalini?"

"Shemeji yetu Cephas ni dresa hapa, mfunga vidonda, amemwoa dada yangu Filister. Ndiyo sababu tulimleta mama Kowidi. Lakini Cephas huyo mtoe kwenye daftari lako. Mama ni maro kwake, mama mkwe. Hawezi kuingia chumba alichomo. Akimwona njiani anaingia kwenye majani." Akamtazama Machuki juu mpaka chini. "Sijui kama nyinyi watu wa milimani mna heshima hiyo."

"Tunayo," Machuki alisema. "Mama mkwe wangu nimemwona mgongo tu, miaka ishirini."

Aliandika jina la Cephas, akapiga mstari juu yake, akaingia ndani.

Chumba cha dharura kilikuwa na dirisha moja, kabati la dawa, kitanda cha chuma chenye springi na godoro jipya nene, na mlango wa nyuma wa kuingilia stoo. Sakafu ilikuwa ya sementi, imesuguliwa nta mpaka inang'aa. Sista Dolphine alisimama kando ya kabati. Alikuwa mwembamba, wa miaka kama ishirini na minane, Msabato, na sare yake ilikuwa imepigwa pasi kama ya kwenda kanisani.

Machuki alimuuliza kama alimpiga Mama Phelesia. Alijibu hakumpiga. Alimuuliza nani alimvunja mbavu.

"Siwezi kusema."

"Ulikuwa peke yako?"

"Siwezi kusema, Afande."

Alimsomea. Dolphine alisikiliza mpaka mwisho, akasema ndivyo. Habari ya ugoro aliieleza yote bila kujificha: aliukuta chini ya mto wa mgonjwa, akautupa chooni, akamwambia Mungu hakutupa pua ili tuweke majani. Mama Phelesia naye alimjibu kwamba msichana mwembamba hivyo asimfundishe habari za Mungu. Wagonjwa wote walicheka. Machuki aliandika, akacheka kidogo yeye mwenyewe, akaendelea.

Rejista ilikuwa na mwandiko wa Dolphine. Jumanne, saa nne na dakika kumi: *baada ya sindano ya penisilini mgonjwa alizimia, mshipa haupigi*. Dakika ya ishirini na moja: *ameamka*. Katikati hapakuwa na kitu, ila neno moja, *adrenalini*, na sahihi yake. Machuki alifungua kabati na kuhesabu vichupa. Kimoja kilikuwa kimepungua, sawa na rejista. Mtu anayetaka kumuumiza mgonjwa hampigi sindano ya kumwamsha.

Alifanya hesabu pembeni mwa ukurasa. Fungu mia na nane ni vishindo mia tano na arobaini. Kishindo kimoja kwa sekunde ni dakika tisa. Rejista ilisema dakika kumi na moja. Dakika mbili zilibaki, na hizo ndizo za mlio wa chuma.

Akaomba kumwona daktari.

Daktari Nchagwa alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mrefu, aliyesomea Kampala. Jumanne hakuwapo, alikuwa mkutanoni Homa Bay. Yeye ndiye aliyezipapasa mbavu za mama aliporudi, na ndiye aliyemwambia Nicanor ukweli kwamba ni tatu na zimevunjika hapa hapa. Mtu mwingine angenyamaza. Machuki alimwambia hivyo. Daktari alisema hakusomea kunyamaza.

Machuki aliuliza kama kuna dawa au kazi yoyote ya hospitali inayoweza kuvunja mbavu za mtu. Daktari alisita. Kisha alieleza kwamba ipo. Ni jambo jipya, halina hata miaka kumi duniani. Moyo wa mtu ukisimama, unaweka mikono miwili katikati ya kifua chake, unasukuma mara moja kila sekunde, moyo unakamuliwa na damu inatembea. Mwenzako anampulizia pumzi mdomoni. Aliwafundisha wafanyakazi wote mwaka jana. Mwaka huu walijaribu kwa watu watano.

"Wangapi waliamka?"

"Hakuna." Daktari alifungua mtoto wa meza, akatoa barua. "Jumatatu nilikuwa nimeandika hii. Nawaambia waache. Tunawatesa maiti, na wenyewe wanatuona."

"Hukufikiri ndicho alichofanyiwa Mama Phelesia?"

"Nilifikiri. Lakini wale watano hawakuvunjika ubavu hata mmoja. Na hawakuamka."

"Labda mambo hayo mawili ni ndugu," Machuki alisema. "Mlifundishiwa juu ya nini?"

Daktari alisema walifundishiwa juu ya gunia la mchanga, barazani. Machuki akaomba gunia hilo liletwe chumba cha dharura.

Alilipanga jambo lake kwa makini. Nicanor abaki kwenye benchi, mlango ufungwe, asikilize tu. Caleb akae karibu na kitanda. Daktari awe nje kwanza. Gunia likaletwa kupitia stoo na mtu mmoja aliyelibeba begani kama mtoto. Alikuwa dresa, mpana wa kifua, shati jeupe na suruali nyeupe. Machuki hakuhitaji kuambiwa jina. Alitazama magoti ya ile suruali. Ilikuwa imefuliwa, na imefuliwa tena, na bado kwenye kila goti palikuwa na duara la rangi ya waridi.

Akamwambia Caleb aliweke gunia kitandani.

Dolphine akashtuka. "Gunia haliwekwi pale, Afande. Linachafua godoro."

"Kwa hiyo mlijifunza wapi?"

"Chini. Barazani, kwenye sementi."

"Na wale watano mliwasukuma wapi?"

"Kitandani." Alisema kama mtu anayeulizwa kama anakula kwa mkono. "Mtu si gunia, Afande. Huwezi kumlaza mzazi wa watu sakafuni mbele ya watoto wake. Tuliwainua kwanza, tukawalaza vizuri."

Machuki alimwambia aanze kusukuma. Yeye akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akagusa springi. Dolphine alisukuma kama alivyofundishwa, mikono imenyooka. Kitanda kililia, nyii, nyii. Kila aliposukuma, springi zilishuka na kumgonga Machuki vidole. Gunia lilishuka na godoro, likapanda na godoro. Caleb akajaribu, na Caleb alikuwa na mikono ya kusukuma Land Rover matopeni. Springi zilishuka zaidi. Gunia lenyewe halikubonyea hata upana wa kidole.

Nje, Nicanor aligonga mlango. Alisema huo ndio mlio wa kwanza.

Machuki alimwashiria Dolphine aendelee, akatazama saa yake, kisha akamwita daktari aingie kupitia stoo. Daktari aliingia. Dolphine aliacha gunia, akasimama wima, mikono nyuma. Cephas akasimama wima. Daktari akauliza kuna nini, akatazama gunia, akatazama kitanda, akakohoa, akasema endeleeni. Dolphine akarudi kazini.

"Sekunde kumi na tisa," Machuki alisema. "Kwa nini uliacha?"

"Daktari ameingia."

"Mnasimama kila akiingia?"

"Tumefundishwa. Mkubwa akiingia, unasimama mpaka aseme."

"Hata siku za wale watano?"

Dolphine alimtazama daktari, halafu akatazama chini. "Siku ya yule mwalimu wa Rangwe, Daktari aliingia na kutoka mara nne."

Daktari Nchagwa alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mkono ukisimama, damu nayo inasimama, na kwamba hilo aliwafundisha. Dolphine akasema ndiyo, aliwafundisha, lakini hakuwaambia kwamba hata yeye akiingia wasisimame kumheshimu.

"Bwana dresa," Machuki alisema. "Sasa wewe. Tuonyeshe."

Cephas hakwenda kitandani. Alilibeba gunia, akaliteremsha sakafuni, akapiga magoti kando yake. Alama za waridi zikakaa juu ya sementi nyekundu kama kikombe kwenye sahani yake. Akaweka kiganja juu ya kiganja, akanyoosha viwiko, akaanza. Pu. Pu. Pu. Mabega yake yalishuka yote. Mchanga ulibonyea chini ya mikono yake vidole vitatu, ukarudi, ukabonyea.

Machuki hakuwa akimtazama Cephas. Alikuwa akimtazama Dolphine. Midomo ya Dolphine ilikuwa imeanza kutikisika bila sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha kifua chake kilivuta pumzi, kama mtu anayetaka kupuliza.

Benchi nje lilianguka. Nicanor alikuwa amesimama ghafla. "Ndicho hicho!" alisema nyuma ya mlango. "Ndicho kishindo!"

Machuki alifungua mlango kidogo, akamwambia Nicanor kwamba amemsikia, akaketi. Akaufunga tena, akatia komeo. Ndani walibaki watu watano, na gunia.

"Mtu mmoja hawezi kupuliza na kusukuma kwa wakati mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Sauti ilinyamaza, kishindo hakikunyamaza. Walikuwa wawili. Wa pili alipiga magoti kwenye nta hii, akatoka kwa mlango ule wa stoo. Hakuhesabu yeye, alimwachia mwenzake ahesabu, kwa sababu hakutaka sauti yake isikike na mtu aliye kwenye benchi. Bwana Cephas, mke wangu ananiambia sabuni ya kipande haitoi nta. Ni mafuta ya taa."

Cephas alikuwa bado amepiga magoti. Alisema Dolphine hana hatia.

"Hilo nimekwisha kulijua. Nataka jina la mwenye mikono."

"Unajua unaniuliza nini, Afande?" Cephas alisema. "Wewe ni Mkisii. Unajua unaniuliza nini."

"Najua. Swali hilo nimetembea nalo tangu kwenye benchi. Na Jumatatu sista huyu atasimama kizimbani kwa sababu alikuahidi atanyamaza."

Cephas alitazama mikono yake. Halafu alieleza. Alikuwa stoo akikunja bendeji. Alijua mama mkwe yuko chumba cha pili, ndiyo sababu alijifungia huko. Alisikia Dolphine akiita. Hapakuwa na mtu mwingine, mwenzao wa zamu alikuwa wodi ya wanaume. Alifungua mlango kidogo. Dolphine alikuwa juu ya kitanda akisukuma, jasho linamtoka, akampigia kelele kwamba mshipa haupigi. Alisimama pale mlangoni. Kwa hesabu ya Machuki alisimama karibu dakika mbili.

"Kitanda cha maro hakikaliwi na mkwe," Cephas alisema. "Hata kuegemea huwezi. Nikasema, mteremshe. Nikamwambia Dolphine, mteremshe chini, huko naweza. Nikafunga mlango kwa aibu, mtu asinione. Nikafumba macho, nikasukuma. Niliposikia ubavu wa kwanza umelia sikuacha."

"Kwa nini hukuacha?"

"Kwa sababu ni mama yake Filister."

Dolphine alisema, kwa mara ya kwanza bila kuulizwa, kwamba alisukuma vizuri kuliko watu wote aliowahi kuwaona, na kwamba sasa amesema mwenyewe, ahadi yake imekwisha.

Daktari Nchagwa alichuchumaa sakafuni na miguu yake mirefu, koti jeupe likigusa nta. Aligonga sementi kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa ngumu. Aligonga godoro. Akahesabu kwa sauti, si kwa kumwambia mtu. Sakafu, kwa sababu hakuweza kugusa kitanda. Mlango uliofungwa, kwa sababu ya aibu, basi hakuna mkubwa aliyeingia, hakuna aliyesimama wima, mikono haikupumzika dakika tisa. Akainuka, akaitoa ile barua mfukoni, akaichana mara mbili. Kisha akamshika Cephas mkono kama mtu anavyomsalimu aliyemzidi, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia.

"Katika wilaya hii yote," alisema, "wewe ndiwe wa kwanza."

Cephas aliuliza kama ni lazima Nicanor ajue. Machuki alisema ni lazima, na mama mwenyewe pia. Bila neno la mgonjwa, hati ile haitachanika.

Mama Phelesia alilala kitanda cha mwisho, chini ya dirisha, mkono wenye bendeji juu ya mto. Jumanne jioni alikuwa amemwambia konstebo wa kwanza kwamba hakumbuki kitu. Machuki alikaa kwenye kiti. Nicanor alisimama miguuni. Cephas alibaki nje, mgongo wake kwenye ukuta, chini ya dirisha lile lile, uso ukitazama shamba la mahindi. Aliweza kusikia, na hakuweza kuona wala kuonekana. Mama alisema Kidholuo, Dolphine akatafsiri.

Machuki alimweleza yote kwa utaratibu. Sindano, moyo kusimama, kitanda, sakafu, mikono. Hakutaja jina. Nicanor alisikiliza, akakunja uso, akafungua mdomo, na kabla hajauliza ni nani, mama yake alianza kuzungumza. Dolphine alisikiliza, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akatafsiri.

"Anasema anamjua. Anasema alifungua macho akaona kichwa cha mkwe wake juu yake. Akayafumba tena haraka, amalize aondoke."

"Kwa nini alimwambia konstebo hakumbuki?"

Mama Phelesia alimtazama Machuki kama mtu aliyeuliza kwa nini jua liko juu. Alijibu neno fupi.

"Anasema, ungekuwa wewe ungekumbuka?"

Caleb, aliyekuwa mlangoni, aligeuka upande wa nje, mabega yakitikisika.

Nicanor hakucheka. Aliita jina la Cephas kwa ukali, akiliambia dirisha, akauliza kama ni kweli. Kutoka nje sauti ilijibu kwamba ni kweli, shemeji. Nicanor alianza kusema habari za wazee, na aibu, na jinsi watu wa Mfangano watakavyoongea kila mtumbwi utakapofika. Mama yake aliinua mkono wenye bendeji. Maneno yaliyofuata aliyasema kwa Kiswahili cha sokoni, polepole, ili kila mtu aliye ndani na nje ayasikie.

"Nicanor. Wewe uko benchi, wewe nahesabu. Yeye nafanya kazi." Alipumzika, mbavu zikimuuma. "Binti yangu hakuolewa na mtu bure."

Kisha wakamsikia Cephas akikohoa, mara mbili, na hatua zake zikielekea stoo.

Nicanor alibaki ameshika chuma cha kitanda. Mwishowe alimuuliza Dolphine mtu huponaje mbavu. Dolphine alimwambia ni wiki sita, asibebe kitu, asicheke sana. Nicanor akasema kwa hiyo ugoro wake unaweza kurudishwa. Dolphine akasema hapana. Mama Phelesia aliuliza wanasema nini, akatafsiriwa, akamtazama Dolphine kwa muda, akasema msichana huyu mwembamba ana kichwa kigumu, na wakati Dolphine alipokuwa akimtengenezea mto, akamshika mkono.

Ijumaa saa tano Machuki alirudi Kowidi na hati isiyo na sahihi, ili daktari ashuhudie anavyoichana. Kwenye chumba cha dharura mambo yalikuwa yamebadilika. Fundi seremala kutoka Rangwe alikuwa amepasua ubao wa mvule wa upana wa mgongo, umeegemezwa kando ya kitanda, tayari kuingizwa chini ya mgonjwa. Gunia la mchanga lilikuwa juu ya kitanda hicho hicho, godoro limechafuka, na wafanyakazi wanane walikuwa wakipokezana mikono. Daktari Nchagwa aliingia, akatoka, akaingia tena, mara sita, akipiga kelele, akiwaita majina. Hakuna aliyesimama wima. Mara ya saba mfagiaji mmoja mzee alisahau, akasimama, na wenzake wote wakamzomea. Cephas ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Alikuwa amevaa suruali ile ile. Mtu alimuuliza kwa nini hajaitoa doa kwa mafuta ya taa. Alisema haina doa.

Machuki aliandika ripoti yake kwenye meza ya daktari, kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Alisema hakuna kosa lililotendwa. Mkubwa wake alikuwa na tabia ya kusoma mwisho tu, kwa hiyo mwisho aliuandika wazi, hivi:

Gharama ya kujua jambo hili ni hii. Mbavu tatu za mama mmoja wa Mfangano. Kichupa kimoja cha adrenalini. Suruali moja nyeupe. Siku tatu Sista Dolphine alizoitwa mpiga wagonjwa. Beberu mmoja, waliyekubaliana wazee wa pande zote mbili, achinjwe ili mkwe na mama mkwe waweze tena kuogopana kama zamani.

Na kabla ya mama huyo, mvuvi mmoja, mwalimu mmoja wa Rangwe, mama wawili wa sokoni na mzee wa kanisa. Watu watano. Walilazwa vizuri.